Waliulizwa Mara Moja Tu

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Kwa Mama Mshauri wa ukurasa wa Jumamosi,

Shikamoo. Naomba unisaidie, na unisamehe kwa urefu wa barua hii, maana mimi si mtu wa kuandika, nilisoma mpaka darasa la saba na baada ya hapo kalamu nimeishika kwa kuandika majina ya watoto juu ya madaftari yao tu, lakini hili jambo nimelibeba juma zima na sina wa kumtulia.

Mimi ni mjane. Mume wangu alikuwa fundi mwashi, na hapa mtaani hakuna anayemjua kwa jina alilopewa na wazazi wake, wote walimwita Timazi, kwa ajili ya ile kamba yenye chuma kizito nchani ambayo mafundi huipimia ukuta kama umesimama wima, kwa sababu yeye alitembea nayo mfukoni hata akienda harusini, na siku moja aliitoa kanisani kabla ya ibada akaupima msalaba wa ukutani kwa mbali, jicho moja amelifumba, akaninong'oneza kwamba umelala kidogo kushoto, na tangu hapo mimi siwezi kuutazama bila kuinamisha kichwa. Alifariki mwaka jana wakati wa mvua. Mwiko wake wa kupakia saruji bado uko juu ya dirisha la jikoni, safi kabisa, maana alikuwa akiosha mwiko kwanza ndipo aoshe mikono.

Nyuma ya mtaa wetu kuna maghala ya zamani yasiyotumika, na katika kiwanja kilicho nyuma ya maghala hayo wanaishi wahamiaji, watu waliokimbia kwao kwa shida ambazo hawapendi kuzisimulia, wamejenga vibanda vya mbao za makasha, wanaume wanaokota vyuma chakavu na wanawake wanafua magunia ya viwandani. Watoto wao hawakupokelewa shule ya mtaa kwa sababu hawana vyeti vya kuzaliwa, kwa hiyo wakawa wanasomea chini ya turubai, na mvua ikinyesha masomo yanakwisha hapo hapo, kila mtoto anakimbia na ubao wake kichwani.

Kanisa letu likaamua kuwajengea shule, na nisiwe mwongo, lilikuwa jambo zuri, sijawahi kuona watu wa kanisa moja wakipendana kama tulivyopendana Jumamosi zile. Kila Jumamosi tulijitolea. Mwalimu wa kwaya alichanganya zege kama anavyoongoza waimbaji, mikono yote miwili hewani, mpaka likamganda kwenye miwani. Fundi cherehani alitushonea mikanda ya kubebea tofali mgongoni. Mimi nilipika chai na kumshikia mume wangu ncha ya pili ya kamba. Wahamiaji wenyewe walifanya kazi kutushinda, na mume wangu akiwakabidhi mabeleshi alikuwa akiwatania, akisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini nyinyi hamkungoja hata chai ya siku ya kwanza.

Sasa nikueleze habari ya sweta, maana bila sweta hutaielewa hasira yangu.

Kuna mzee wao mmoja ndiye anayewasemea, na asubuhi za baridi alikuwa akija kazini na shati moja jepesi, meno yanagongana. Mume wangu akachukua sweta lake la vifungo, si la kutupa, lile alilovaa siku za sikukuu, akampelekea. Mzee akalitazama, akasema hapana, ni zuri mno, vaa mwenyewe. Mume wangu akarudi nalo nyumbani ameumia, akaniambia pengine nimemdharau yule mzee wa watu. Kesho yake akamsimulia mama mmoja wa kule aliyekuwa akituletea maji, mama huyu kwa ndoo zake tulimwita Mama Ndoo, naye akacheka mpaka maji yakamwagika. Akamwambia kwetu mtu akipewa kitu kikubwa hakipokei mara ya kwanza, maana ataonekana alikuwa anakingoja, anakataa kwa heshima. Mara ya pili anakataa ili aone kama umetoa kwa moyo. Ya tatu anapokea kwa mikono miwili. Basi mume wangu akalibeba tena, akakataliwa, akalibeba tena, na mara ya tatu yule mzee alilivaa pale pale juu ya vumbi la saruji, na tangu siku hiyo hajalivua, jua liwake lisiwake, mpaka tukamwita Babu Sweta na yeye mwenyewe akaitika.

Mimi desturi hiyo niliijua kwa sweta, na nikaja kuijua kwa msiba. Siku ya mazishi ya mume wangu watu wa maghalani walikuja wote, wakasimama nje ya ua hawaingii. Nikatuma mtu awaite, wakasema hapa panatosha. Nikatuma tena, wakasema hivyo hivyo. Mara ya tatu nikatoka mwenyewe, kanga inaburuza chini, nikawaambia karibuni, na ndipo wakaingia, wakakaa na mimi mpaka matanga yalipoisha.

Shule ina vyumba viwili vya madarasa na stoo ndogo nyuma tulimokuwa tukiweka vifaa. Madirisha mume wangu aliyaweka chini kuliko kawaida. Alipiga magoti sakafuni akapima kwa jicho lake mahali lilipo jicho la mtoto aliyekaa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi akamlalamikia, akasema dirisha la chini hivi linamwita mwizi, mume wangu akamuuliza, mwizi ataiba nini humu, hesabu?

Ukuta wa katikati, unaotenganisha darasa na darasa, ndiyo kazi yake ya mwisho. Alikuwa ameshaanza kuumwa, hawezi kunyanyua tofali, akawa amekaa juu ya debe anaelekeza, na safu ya juu kabisa aliipanga Mama Ndoo kwa mikono yake, huku yeye anamwambia gonga kidogo, gonga, hapo hapo. Alipomaliza nikampandia na timazi, ikaonekana safu ile imetoka nje upana wa kidole. Mama Ndoo akataka kuibomoa. Mume wangu, ambaye mimi nimemwona akibomoa banda zima la kuku la mtu kwa kosa dogo kuliko hilo, akasema, "Iache. Nikipita hapa niutambue mkono wako." Hakupita tena. Juma lililofuata alikuwa kitandani.

Basi, shule ikaisha. Bati lake, Mama Mshauri, lilichangwa na makanisa rafiki ya mbali, na namna lilivyochangwa naijua kwa sababu niliona picha: watoto wale wamekaa matopeni chini ya turubai, magoti wazi, picha hizo zikazungushwa kila mahali watu wakalia wakatoa. Bati lile liliombwa kwa magoti ya watoto wale.

Mwishoni mwa mwezi uliopita, mchungaji akiwa safarini, kamati ikawaita Babu Sweta na Mama Ndoo kuja kuiona shule. Mimi nilikuwapo, nilipeleka chai. Mwenyekiti akamzungusha yule mzee vyumbani, akamwonyesha mbao za kuandikia, kisha akamuuliza, "Haya Babu, kazi imekwisha. Mnaichukua?"

Babu Sweta akafunga kifungo cha juu cha sweta. Akasema, "Nyumba hii ni nzuri mno kwa watu kama sisi. Kaeni nayo wenyewe."

Mwenyekiti akawatazama wenzake. Halafu akasema, "Tumekusikia, Babu. Mungu akubariki." Na akainamisha kichwa akafunga kwa sala.

Nakuambia yule mzee alibaki amesimama. Sala ikaisha, watu wakaanza kutafuta kofia zao, yeye bado amesimama katikati ya darasa, mkono uko kwenye kifungo, anangoja kuulizwa tena. Mimi nilimwona, na Mama Ndoo alimwona, akamshika kiwiko wakatoka. Mimi nilikuwa na birika mkononi, nikasema moyoni bila shaka watamfuata nje wamuulize.

Jumapili iliyofuata mwenyekiti alisimama madhabahuni akatangaza kwamba ndugu zetu wahamiaji, kwa hiari yao na kwa upendo mkubwa, wamelirudishia kanisa jengo lile, kwa hiyo litakuwa ukumbi wa mikutano na harusi. Watu wakapiga makofi. Kwaya ikaimba. Nilitazama kulia na kushoto kama kuna mwingine asiyepiga makofi kama mimi, nikaona watu wanatabasamu.

Jumanne mwenyekiti akaja kwangu na wanakamati wawili, wamebeba kibao kimefungwa gazeti. Wakakifungua mezani. Kimeandikwa UKUMBI WA TIMAZI, herufi za dhahabu. Wakaniambia uzinduzi ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, wageni waliochangia bati watakuja, na mimi mjane ndiye nitakayefunua kitambaa. Juma moja kabla ya sherehe ukuta wa katikati utavunjwa ili wageni wapate nafasi ya kukaa.

Jina lake lilikuwa zuri pale mezani, sikufichi, nililipitishia kidole. Kisha nikawaeleza habari ya mara tatu, nikawaeleza hata sweta. Mwenyekiti akacheka kwa upole kama mtu anavyomcheka mtoto, akasema, "Mama, mtu mzima akisema hapana ni hapana. Tena pilipili usiyoila yakuwashia nini?" Nikamuuliza na watoto je. Akasema wamefikiriwa, watapewa stoo. Nikamwambia stoo haina dirisha. Akasema, "Tutaweka taa." Wakaondoka, kibao wakakiacha kwangu mezani.

Alhamisi nikaenda maghalani. Nikamkuta Mama Ndoo kwenye magunia, povu mpaka mabegani, nikamwambia nimekasirika, nitakwenda kugombana na kamati. Hakuacha hata kufua. Akasema, "Acha, dada. Usigombane na watu wako kwa ajili yetu. Turubai tumelizoea." Nikarudi nyumbani nimevunjika moyo, nikasema kama wenyewe hawataki, mimi nani wa kupiga kelele? Lakini wakati wa kurudi nilipita shuleni, na nje pale nikamkuta binti mdogo wa Mama Ndoo amesimama, kidevu amekiweka kwenye kizingiti cha lile dirisha la chini, anachungulia ndani. Mlango una kufuli. Mume wangu aliyaweka chini yale madirisha ili mtoto akiwa ndani aone nje.

Sasa dhiki yangu ni hii. Kanisa hili ndilo lililomzika mume wangu. Akina mama wa kanisa walilala sakafuni kwangu siku zote za matanga, waliosha vyombo vyangu, mmoja alinikanda miguu nilipokuwa siwezi kusimama. Sina mtoto hapa mjini, wote wako mbali. Nikikataa kufunua kile kitambaa nitakuwa nimewaaibisha mbele ya wageni, watasema nimekosa shukrani, na mimi nikifa nitazikwa na nani? Nikikifunua, nitakuwa nimeweka jina la mtu aliyepima hata msalaba juu ya kitu kilichopinda kuliko vyote nilivyoona maishani mwangu. Nifunue au nisifunue? Kunyamaza kwangu ni dhambi au ni busara? Usingizi umenihama.

Nikumbuke katika sala zako, na ukifika kwa marehemu mtaje na yeye. Ukisema Timazi inatosha.

Mimi,
Mke wa Timazi

*

Mke wa Timazi,

Marahaba, ingawa huenda mimi ndiye niliyepaswa kukuamkia. Pole kwa msiba. Barua yako nimeisoma kwa utulivu mpaka kwenye ile "tutaweka taa", na hapo nikainuka kwenye kiti nikazunguka meza kabla ya kuendelea, kwa hiyo usidhani umekasirika peke yako.

Tuanze na kamati. Watu hao si viziwi na si wageni wa dunia. Hata mtoto akiambiwa karibu chakula husema nimeshiba huku anaitazama sahani, na kila mwenye nyumba mwenye adabu anajua la kufanya: anasema karibu tena. Mwenyekiti alisikia hapana akaifungia kwa sala haraka kabla haijageuka, kwa sababu hapana ndiyo aliyokuja kuichukua. Angeulizwa Babu akajibu ndiyo, nina hakika angeulizwa mara saba kama ana uhakika. Kukopa umaskini wa watoto uombee bati, kisha bati likishapigiliwa uwaambie watoto warudi stoo, hilo halina jina zuri, na kulibandika jina la marehemu hakulipi uzuri. Kwa nini unadhani wamelitaka jina la mumeo? Wanajua mtaa mzima unajua kwamba Timazi hakusimamisha kitu kilichopinda. Wanataka awasimamishie hiki.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kupepesa: usifunue.

Sasa kaa vizuri, dada yangu, maana zamu yako imefika.

Ulimwona yule mzee amesimama katikati ya darasa anangoja. Chumba kizima, ukimwacha Mama Ndoo, ni wewe peke yako uliyejua anangoja nini. Unaniambia ulikuwa na birika mkononi. Birika huwekwa chini. Maneno manne tu, "Mwenyekiti, muulize tena Babu," na leo ungekuwa unaandikia mtu mwingine habari nyingine. Sikulaumu kwa kuogopa, umefiwa, na mfiwa huwa mdogo mbele ya watu waliomlisha. Lakini usiniambie ulidhani watamfuata nje. Hukudhani. Ulitumaini, ukiwa na birika.

Na kuna kubwa kuliko hilo, nashangaa umeliandika kwa mkono wako na hukuliona. Alhamisi ulikwenda kwa Mama Ndoo. Kwanza hukumuuliza anataka nini, ulimtangazia kwamba wewe utagombana. Yeye akasema acha, dada, turubai tumelizoea. Nawe ukageuka ukarudi nyumbani, ukasema wenyewe hawataki.

Hiyo ilikuwa mara ya ngapi?

Ilikuwa ya kwanza. Wewe uliyelala nyumba moja na mtu aliyebeba sweta mara tatu. Wewe ambaye siku ya msiba, macho yamejaa machozi na kanga inaburuza, ulituma, ukatuma, kisha ukatoka mwenyewe mpaka nje ya ua. Siku ile ulikuwa huna nguvu na uliuliza mara tatu. Alhamisi ulikuwa na nguvu na hasira juu, ukauliza mara moja, tena nusu. Mwenyekiti na wewe mmefanya kosa lile lile. Tofauti ni kwamba yeye lilimfaa, na wewe lilikuuma. Basi hasira uliyonayo kwake igawe, ujiwekee kipande.

Tukishamaliza kujikaripia, tufanye kazi, maana ukuta unavunjwa juma moja kabla ya sherehe na siku hazikungoji.

Leo hii Jumamosi, ukishalikunja gazeti hili, rudi maghalani. Usiende na habari ya ugomvi, nenda na swali. Mwambie Mama Ndoo: mnaitaka shule? Atakataa. Shukuru, kaa, mshikie gunia upande mmoja mlikamue, ondoka. Kesho baada ya ibada rudi tena umuulize, safari hii mbele ya Babu Sweta. Hapo, ukihesabu na ile ya Alhamisi, itakuwa mara ya tatu, nawe utalijua jibu lao lenyewe. Na kama hata mara ya tatu watasema hapana, basi heshimu, maana hiyo ni hapana. Lakini mimi nimemwona yule binti na kidevu chake dirishani, na sitakudanganya kwamba nina wasiwasi.

Ukishapata neno lao, usilipeleke kwa mwenyekiti. Subiri mchungaji arudi, au mpigie simu huko huko aliko, umwambie kanisa limetangaziwa jambo ambalo halikutokea. Usiende peke yako. Umeniuliza utazikwa na nani. Hebu soma tena barua yako: waliolala sakafuni kwako, waliokuoshea vyombo, aliyekukanda miguu, kuna mwanakamati hata mmoja hapo? Hao ni akina mama wenzako. Walipiga makofi Jumapili kwa sababu walidanganywa, si kwa sababu wana roho mbaya. Waandalie chai kesho jioni, waeleze sweta kama ulivyonieleza mimi, kisha unyamaze uone nani atainuka wa kwanza. Waite na mwalimu wa kwaya na fundi cherehani. Mtu aliyegandwa na zege kwenye miwani kwa ajili ya darasa hatakubali kirahisi kuwa lilikuwa la harusi. Na wengine watakaokuzika, nakukumbusha, ni wale uliowaita mara tatu wakakaa mpaka matanga yakaisha.

Ombi lenu kwa mchungaji liwe moja, fupi: Babu Sweta aulizwe upya, mbele ya kanisa zima, na aulizwe mpaka mara ya tatu. Si dhambi wala si gharama. Kanisa linalorudia pambio mara kumi linaweza kurudia swali mara tatu.

Kile kibao, kipeleke mwenyewe kwa mwenyekiti, kimefungwa gazeti lake lile lile. Mwambie jina la marehemu liko kwa mjane wake na mjane hajalitoa. Usibishane, usilie, usikubali soda. Akikuambia tena habari ya pilipili, mwambie hiyo unaila kila siku, ni ya nyumbani kwako. Na endapo mafundi watakuja na nyundo kabla mchungaji hajaamua, chukua lile debe alilokalia mumeo, ukalikalie chini ya ukuta ule, na akina mama wako pembeni. Fundi gani atapiga nyundo juu ya kichwa cha mke wa Timazi?

Ile safu ya juu iliyotoka nje upana wa kidole, msiiguse kabisa. Mtu aliyepima kila kitu aliipima na hiyo, na akaamua ibaki. Hayo ndiyo maandishi yake. Herufi za dhahabu zinaweza kungoja, na zikija, Babu Sweta na Mama Ndoo ndio waseme ziwekwe wapi.

Haya, jifunge kanga, nenda. Na siku kufuli litakapotolewa, yule binti akakaa ndani akatazama nje kwa lile dirisha la chini, simama nyuma yake kidogo, kwa ajili ya Timazi, na unikumbuke na mimi.